Friji Lililoomba Ruhusa ya Kuruka

Kwako Dada Mkubwa,

Pokea salamu zetu ukiwa umeketi, maana barua hii ni ndefu na nakujua, ukisoma umesimama utaunguza kitu jikoni. U hali gani? Shemeji hajambo na mgongo wake? Wapwa zangu wanaendeleaje, na yule mdogo ameshaacha kuficha viatu vya wageni? Sisi huku ni wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Bado anafundisha darasa la kwanza, na sauti yake bado haijatambua kwamba nyumbani si darasani. Mimi bado nahangaika na mafriji ya watu. Baba hajambo, na safari hii nikisema Baba hajambo sikupi lile jibu la kukutuliza ulilolizoea. Hajambo kweli. Ameanza hata kunenepa mashavu.

Barua yako niliipata. Uliniuliza swali moja tu, ukalipigia mstari chini mara mbili mpaka karatasi ikatoboka: umemkosea nini Baba? Ulisema kila ukimpigia simu anasema hajambo, anakuambia uongee na mdogo wako, basi, simu inarudi kwangu kama kaa la moto. Ulisema kama ana kinyongo kwa sababu uliolewa mbali, aseme ujue moja. Ukamalizia kwamba hutampigia tena, utakuwa unaniuliza mimi tu hali yake. Maneno hayo yalininyima raha wiki nzima. Nilikosea hata kufunga friji la mwenye bucha, nikaweka mlango juu chini.

Sasa nakujibu, na nakuomba usiruke kurasa. Nimeandika kwa mkono kwa makusudi. Ningekutumia ujumbe wa sauti ungenikatiza katikati kwa kunipigia, na habari hii haitaki kukatizwa.

Baba alipostaafu, unajua mwenyewe, alikosa pa kuweka mikono. Miaka thelathini na moja alikaa mnarani akiongoza ndege, halafu ghafla akabaki kuongoza wageni wavue viatu wapi. Mwaka jana nikamfungia kompyuta kwenye kile chumba kidogo kinachopakana na jiko, nikamwekea programu ya kuigiza safari za ndege kwenye mtandao. Nikueleze kidogo, maana shemeji atauliza. Watu wanakaa kila mmoja kwake, huyu sebuleni, yule dukani, wanarusha ndege za kwenye skrini. Wengine wanakuwa waongozaji, wanawaambia wale nani aruke, nani atue, nani asubiri. Wanaongea kwa sauti kabisa, kama mnara wa kweli. Ndege si za kweli, lakini sheria ni za kweli na aibu ni ya kweli.

Baba alifanya mtihani wao akapasi bila kutoka jasho. Wakampa mnara. Kila alasiri akawa anavaa shati la mikono mirefu, anachana nywele zile chache, anaingia kazini. Wifi yako alimwambia hakuna anayemwona. Baba akamjibu kwamba yeye anajiona.

Shida ilianza taratibu. Katika programu hiyo, rubani akikuita, au mwongozaji mwenzako akikukabidhi ndege, mlio unalia kukushtua. Ni kisauti chembamba, kama kijiko kikigusa glasi. Marubani wakaanza kulalamika kwamba wanaita mnara haujibu. Wana msimamizi wao, mtu mpole wa maneno ambaye hakuna aliyewahi kumwona sura, tunamwita Mkaguzi. Mkaguzi akamwandikia Baba onyo la kwanza. Na sheria yao haina mchezo: maonyo matatu, unavuliwa mnara, hakuna kurudi. Baba akasema mtandao wetu mbovu. Nikabadilisha waya, nikapanda mpaka juu ya bati kukaza antena. Malalamiko yakazidi.

Siku moja mchana nikampelekea chai. Nikasimama nyuma yake. Kompyuta inalia ti, ti, ti, mlio unafuatana na mlio, na Baba ametulia tuli, mikono mapajani, anaitazama skrini kwa upendo. Kwanza nilidhani anawafanyia kiburi. Kisha nikaona bega lake halishtuki hata kidogo, na hapo chai ikanimwagikia kidole.

Dada, mimi ni fundi friji. Friji likiugua silifungui, nalisikiliza kwanza. Basi nikamfanyia Baba vivyo hivyo. Nikamwambia afumbe macho, nikaanza kupiga sauti kutoka kwenye kompyuta, kutoka nyembamba kabisa nikishuka kidogokidogo kwenda nene, naye ainue kidole akisikia. Nilishuka. Nikashuka. Mpaka nikafikiri amelala. Kidole kiliinuka pale sauti ilipofika unene wa mtu anayekoroma chumba cha pili. Juu ya hapo Baba hana kitu. Ndege wa asubuhi hana, filimbi ya birika hana, mlio wa simu hana. Alifumbua macho akanikuta nalia, akaniuliza kwa ukali kwani friji la nani limekufa.

Ndipo akaniambia. Ni miaka miwili sasa hasikii vizuri, anatusoma midomo. Kule mnarani walikuwa wanapimwa masikio kila mwaka, na aliyeshindwa alishushwa siku hiyohiyo, anapelekwa chini kwenye chumba cha makaratasi, na wenzake wanaacha kumtania, kwa maana anayetaniwa ni mzima. Baba alistaafu kabla ya kipimo kimoja, na kipimo hicho amekuwa akikikimbia mpaka leo. Ndiyo sababu hataki kusikia habari za daktari. Akaniapisha nisimwambie mtu, na hasa nisikwambie wewe. Alisema Mkubwa akijua ataacha kazi yake afunge safari kesho. Nikaapa, mjinga mimi. Hiyo ni miezi mitatu iliyopita.

Kwa hiyo sasa unajua kuhusu simu. Simu inaichuja sauti ya mtu, inabakiza nyembamba na kuitupa nene. Baba alikuwa anapokea makombo. Aliniambia anajibu hajambo kwa kubahatisha, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu, na baada ya swali la kwanza hakuwa na pa kushika. Dada yangu, hakuna kinyongo. Hakijawahi kuwapo.

Ngoja nifute miwani, halafu nikuchekeshe.

Maneno ya marubani programu huyaandika pia pembeni mwa skrini, na Baba akishashtuliwa huyasoma, kwa hiyo niliamua kubadilisha milio. Si kazi ngumu. Ndani ya programu kuna folda, na kila tukio lina faili lake la sauti: rubani anaita, unakabidhiwa ndege, ndege mbili zinakaribiana mno. Ukiweka faili lako lenye jina lilelile, programu inalipiga hilo. Nikatafuta spika kubwa, lile tulilochezea muziki kwenye harusi yangu, nikaliweka mezani. Kisha nikarekodi ngumi yangu ikigonga mlango, sauti nene, safi. Siku ya kwanza rubani akaita, mlango ukagonga kwenye spika, na Baba akainuka akaenda kufungua mlango. Alikuta hakuna mtu. Akarudi, ukagonga tena, akaenda tena. Kwa saa nzima alifungua mlango mara tisa, na mara ya kumi alikuwa kweli jirani amekuja kuomba ngazi, akafokewa na Baba kwamba michezo ya kitoto imetosha.

Basi nikatumia akili ya ufundi, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Nikarekodi mota ya friji ikiwaka, ule mngurumo wa chini. Baba aliusikia vizuri sana, akafurahi, nami nikajipigia makofi. Nilisahau kwamba friji letu liko nyuma ya ukuta wa chumba kile, na lenyewe linawaka na kuzima siku nzima. Likawaka. Baba akavuta maikrofoni, akasema kwa ile sauti yake ya mnarani kwamba ndege inayoita ikae hapohapo isubiri zamu. Likazima, likawaka tena. Baba akaliambia liwe na subira, lina ndege mbili mbele yake. Marubani wa kweli wakachanganyikiwa, kila mmoja anadhani ni yeye aliyeambiwa. Friji letu, Dada, lilipewa ruhusa ya kuruka mara mbili katika alasiri moja, na mara moja lilikaripiwa kwa kutojibu.

Tulicheka mpaka wifi yako akakaa chini sakafuni. Lakini kesho yake likaja onyo la pili, na hilo halikuwa la Baba, lilikuwa la kwangu mimi na ujuaji wangu.

Likabaki moja. Na wakati mbaya ulioje! Jumapili ya wiki iliyofuata kulikuwa na siku yao ya mkusanyiko, ndege arobaini za watu wanaozungumza lugha yetu kutua uwanja mmoja kuanzia saa nane mchana, na aliyepangwa mnarani ni Baba. Nikamkuta anaandika ujumbe wa kujitoa. Hakuwa amevaa shati. Alisema bora aondoke mwenyewe kuliko kushushwa, na kwamba safari hii hata chumba cha makaratasi hakuna, ni kitanda tu na ukuta. Sijawahi kumsikia Baba akiongea hivyo. Nikamsihi anipe siku tatu. Akanipa mbili.

Siku ya pili yake mlio ulipatikana. Baba aliusikia wote, kila neno lake, na hakuuchanganya na kitu chochote duniani. Hakutuma ule ujumbe.

Jumapili ilifika. Baba alivaa shati jeupe. Wifi yako alizima friji, tusije tukapata ndege ya arobaini na moja. Ndege zikaanza kuja, mlio unalia, Baba anajibu, mlio unalia, Baba anajibu, hakuna aliyesubiri hata pumzi mbili. Nilikuwa nyuma yake nimeshika sahani ya karanga na sikula hata moja. Shingo yake ilikuwa imenyooka kama zamani alipokuwa akitubeba begani. Saa tisa na nusu mambo yalipamba moto, na hapo kukatokea jambo ambalo siwezi kukueleza bila kukiri kwanza. Kwa hiyo ngoja nikiri, na ukitaka kunirushia kitu rusha, niko mbali.

Ule mlio ni wewe.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa natafuta sauti nene ndani ya simu yangu, nimeiunganisha na lile spika kubwa, kidole kikateleza kikagusa ujumbe wako mmoja wa sauti, ule uliokuwa unanikaripia kwa kutokukutumia vipimo vya mapazia. Sauti yako ikajaa chumba kizima. Baba alikuwa amekaa amenipa mgongo. Akageuka, akasimama, akauliza kama Mkubwa amefika, mbona hakuna aliyemwambia. Alikwenda mpaka mlangoni, Dada. Miaka miwili hakuisikia sauti yako ikiwa nzima.

Tangu shuleni unaionea haya sauti hiyo, kwa kuwa kwaya walikupanga nyuma pamoja na wavulana wa besi. Sasa sikia. Kati ya sauti zote za nyumba hii, za redio, za wifi yako anayewatuliza watoto hamsini, ni yako peke yake iliyoshuka mpaka pale masikio ya Baba yalipobakia. Nikapitia ujumbe wako wote wa miaka miwili, nikakata vipande. Bila ruhusa yako, najua. Rubani akiita, wewe unasema "Haya, nisikilize!" Baba akikabidhiwa ndege, unasema "Shika hiyo, usiiangushe," kama ulivyomwambia mwanao ulipompa sufuria huku ukirekodi. Na ndege mbili zikikaribiana mno, unapiga ukelele ule uliompigia yule bwana aliyetaka kukupita kwenye foleni ya posta: "We! Rudi nyuma!"

Sasa rudi nami Jumapili saa tisa na nusu. Ndege moja inashuka, iko karibu kabisa na lami. Rubani mwingine, mgeni, haraka zake, akaanza kuingia kwenye njia ileile bila kuruhusiwa. Baba alikuwa amebonyeza maikrofoni anaongea na mtu wa tatu. Programu ikaona hatari, ikakuita wewe. Na kwa kuwa fundi mwenye akili, yaani mimi, nililiweka spika sentimita kumi kutoka kwenye maikrofoni, sauti yako ilitoka moja kwa moja hewani kwa marubani wote arobaini: "We! Rudi nyuma!"

Yule mgeni alifunga breki papo hapo. Na si yeye tu. Ndege tatu zilizokuwa zimepanga foleni zikasimama, na moja iliyokuwa mbali, haina kosa lolote, ikaomba msamaha. Ile iliyokuwa inashuka ikatua salama. Hewani kukawa kimya, kimya cha watu waliokumbuka mama zao. Kisha Baba, bila kutikisika, akawaambia waendelee kwa zamu.

Saa kumi na moja ndege ya mwisho ikatua, na ujumbe wa Mkaguzi ukaingia. Baba hakutaka kuufungua. Alitoa miwani, akaniambia nisome mimi, yeye ataangalia dirishani. Nilisoma kimoyomoyo kwanza. Mkaguzi alisema hajawahi kuona mnara ulioendeshwa vizuri hivyo siku ya mkusanyiko. Alisema pia kwamba marubani wanauliza yule bibi mkali msaidizi wa mnara ni nani, na kama anaweza kupangwa kila mwezi, kwa sababu tangu aseme hakuna aliyethubutu kukosea. Nikasoma kwa sauti, karibu na sikio lake. Baba akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha akaandika jibu mwenyewe, kwa vidole viwili, kwamba huyo ni binti yake wa kwanza, ana kazi yake mwenyewe, ila anafika kazini kila siku. Yale maonyo mawili yakafutwa.

Kwa hiyo Baba anakusikia kama mara mia kwa siku. Nimejaribu kumpa milio mingine ili nikuombe kwanza ruhusa, akaniuliza nani kaniambia niguse vitu vya kazini.

Jioni ileile ya Jumapili alinifungua kiapo. Na jana, bila kusukumwa na mtu, alisema nimpeleke kwa daktari wa masikio. Tunakwenda Jumanne. Alisema apimwe tu, waandike wanachoandika, mnara anao tayari.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nikose raha kuliko yote. Hukulitaja katika barua, lakini najua ndilo linalokuuma. Mwezi uliopita ulimpigia Baba kumwambia umefanywa msimamizi wa wodi nzima. Akakujibu kwamba hajambo, amekula, ongea na mdogo wako. Nilikuwa nimesimama pale, naijua siri, na nikanyamaza kwa sababu ya kiapo. Nisamehe. Baada ya simu nilimwandikia habari yako kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili. Aliikimbilia simu, akaishika, akakaa nayo mkononi, akairudisha mezani, kwa sababu ungeongea na asingesikia, na angekujibu upuuzi mara ya pili. Badala yake akatoka akaenda kumwambia kinyozi. Akamwambia mwenye duka. Akamwambia jirani wa ngazi, na wale marubani wote, mmoja mmoja, kabla hajawaruhusu kuruka. Mtaa mzima ulikupongeza, Dada. Wewe peke yako ndiye hukupata habari.

Sasa anakuomba hivi. Jumamosi saa kumi alasiri piga, usipige kwa simu, piga kwa kompyuta ya shemeji, nami nitakuunganisha na lile spika. Ongea kwa sauti yako, usiifanye nyembamba kama unavyofanya mbele za wakubwa wako. Anataka umwambie mwenyewe habari ya wodi, tangu walipokuita ofisini mpaka ulivyotoka. Nilimwambia anaijua tayari. Akasema miaka thelathini na moja marubani walikuwa hawasikii, wanasema rudia, naye anarudia, na hakuna aliyewahi kuona aibu. Akasema nikuandikie kwamba mnara haukukupata mara ya kwanza, tafadhali rudia.

Msalimie sana shemeji, wabusu wapwa zangu, na wenzako wa wodini uwaambie tunawaonea huruma. Wifi yako anasema ukija usipige hodi mlangoni kwa ngumi, ita tu. Tubaki hivyo mpaka Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako, kitinda mimba, mfunguliwa kiapo,
Chiriku